Mlio wa Kwanza wa Simu

Bosi wangu hakuipanga nyumba ile kwa uzuri wake. Aliipanga kwa sababu ilikuwa na simu.

Miaka ile, kuomba laini mpya ya simu Temeke kulikuwa kuandika barua na kusubiri mpaka ukasahau kwamba uliandika. Aliyetaka ofisi upesi alitafuta nyumba yenye waya tayari, akamwomba mwenyewe ampangishe chumba pamoja na waya wake. Ndivyo kampuni yetu ndogo ya kupeleka nta na asali nje ilivyoishia kwenye chumba cha mbele cha nyumba moja karibu na Tandika: meza mbili, kabati la chuma, na stoo iliyojaa magunia ya nta kutoka Tabora. Harufu ya nta niliondoka nayo kila jioni kwenye shati.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mtu wa Tanga aliyeolewa Dar es Salaam tangu usichana wake. Yeye alibaki na vyumba vya uani. Alipokubali kupangisha alitaka jambo moja tu liandikwe kwenye karatasi ya pango, kwamba simu yake ya ukumbini isiondolewe. Basi ikawa waya mmoja, namba moja, simu mbili: ya kwetu mezani, na ya kwake juu ya stuli ukumbini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ukuta mmoja ulizitenga. Bosi alisaini bila kusoma mara mbili.

Mimi nilikuja baadaye, pamoja na kompyuta.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu katika miaka ambayo serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walipewa barua za vituo vyao hata kabla ya mahafali. Sisi tuliambiwa uchumi umefunguliwa, twende tukajitafutie. Nilijitafutia mwaka mzima, nikiishi kwenye chumba kimoja Mtoni, na nilipoitwa kwenye usaili bosi aliniuliza swali moja tu.

"Kompyuta unaijua?"

"Naijua," nikasema.

Chuoni tulikuwa tukikusanyika watu wengi kwa mashine moja, na mimi nilikuwa nasimama nyuma. Nilijua inavyowashwa na inavyozimwa. Usiku ule sikulala, nikijiuliza kama neno "naijua" ni uongo au ni matumaini.

Tatizo la bosi lilikuwa faksi. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Ujerumani, na kila alichoandika kilifika kwenye ofisi ya faksi mjini, kikalala hapo siku mbili tatu mpaka bosi akifuate. Mara mbili oda ya nta ilikwenda kwa washindani kwa sababu jibu letu lilichelewa. Ndugu yake aliyekuwa ng'ambo akamletea kompyuta iliyokwisha kutumika, na ndani ya boksi lake kisanduku cheusi kinachoitwa modemu, akamwambia kwamba kisanduku hicho kikiunganishwa na waya wa simu, kompyuta inageuka faksi. Bosi aliamini kiasi kwamba kabla hata ya kukijaribu alichapisha karatasi za kampuni zenye maandishi juu: Simu na Nukushi, namba ileile moja.

"Miezi mitatu ya majaribio," aliniambia. "Ukiniunganishia, nakuandikia barua ya ajira. Usiponiunganishia, tunaagana kwa amani."

Aliipenda sana hiyo "kwa amani". Mimi ilinitisha kuliko kama angenifokea.

Siku ya kwanza niligundua kwamba plagi ya waya wa modemu haikufanana na soketi yetu. Ya kwetu ilikuwa ya zamani, kibati chenye skrubu mbili ukutani, chini ya dirisha. Nilikata ile plagi kwa wembe, nikaukuna waya, ndani nikakuta nyuzi nne za rangi nne. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na hakikusema neno kuhusu vibati vya Temeke. Nilichora nyuzi zile kwenye karatasi, nikaandika namna zote zinavyoweza kuunganishwa mbilimbili, nikaanza na ya kwanza. Nilikuwa nimepiga magoti, nyuzi mbili vidoleni, wakati simu ilipolia.

Sikujua kwamba simu inapolia waya wake unakuwa na umeme wa kutosha kumrusha mtu. Nilipiga kelele. Upande wa pili wa ukuta mama mwenye nyumba alikuwa tayari ameshapokea.

"Haloo! Ngoja kwanza mwenzangu, kuna mtu anachinjwa ofisini." Akatokeza kichwa mlangoni, khanga begani. "Kuna nini, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Waya umenipiga."

"Marahaba. Simu imekung'ata?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Chuo chote kile, hawakukufundisha kwamba simu inang'ata?"

Akarudi kumwambia aliyekuwa anasubiri, kisha akatoka barazani, akamwita kwa sauti jirani wa nyumba ya tatu, ambaye ndiye simu ilikuwa yake. Kwa maana simu ile haikuwa ya mama peke yake. Mtaa mzima ulikuwa umegawa namba ile kwa ndugu: Tanga, Lindi, Unguja, hata Muskati. Asubuhi wanawake walikaa barazani wakichambua mchele, na nusu yao walikuwa wanasubiri kuitwa. Mama ndiye aliyepokea, ndiye aliyeita, na alikuwa na sheria yake. Aliniambia siku ileile, akinipa sabuni ninawe mikono, kwamba simu ni hodi. Mtu akipiga hodi ya tatu asijibiwe, anaondoka na moyo mbaya, na kosa ni la mwenye nyumba. Kwa hiyo yeye hakungoja mlio wa tatu. Awe jikoni, awe anafua, mlio wa pili ulikuwa haujaisha na mkono wake uko kwenye simu.

Nilimsikiliza kwa adabu, nikaona ni mazungumzo tu. Nyuzi zenyewe zilikubali jaribio la nne. Taa ndogo nyekundu zikawaka kwenye kisanduku, na kutoka kwenye spika yake nikasikia ule mngurumo wa laini iliyo wazi. Nilikaa nao muda mrefu.

Kutuma kulinichukua wiki mbili. Kompyuta ilipiga namba kwa sauti za vinanda, na kituo chetu cha simu kilikuwa cha zamani, kilielewa midundo tu, kama ya simu ya kuzungusha. Herufi moja katika amri ilipaswa kubadilishwa, nami niliipata ukurasa wa mwisho wa kitabu, baada ya kukisoma chote kwa kuogopa kuruka. Barua yetu ya kwanza ikaenda Ujerumani. Bosi akanishika bega. "Msomi," akasema. "Sasa na wao watujibu hapahapa."

Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Faksi inayoingia hulia kama simu nyingine yoyote. Kompyuta huhesabu milio, na ikifika idadi iliyowekwa, hupokea. Waliotengeneza programu ile waliweka minne. Labda kwao watu hawana haraka. Kwetu, mlio wa pili ulikuwa haujaisha mama akawa ameshapokea, na Ujerumani ikampigia sikioni kelele fupifupi kama za kifaranga.

"Haloo! Haloo! Nani mwenzangu? Sema basi." Nilimsikia vizuri kupitia ukutani. "Mbona unalialia? Unamtaka nani? Ngoja, usikate, nikuitie watu."

Kisha alilaza simu kwenye stuli, akatoka barazani kuuliza nani anasubiri simu ya mtu asiyesema. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema huyo ni mume wa fulani, hata nyumbani hasemagi. Mpaka waliporudi, Ujerumani ilikuwa imekata tamaa. Ikapiga tena. Akapokea tena.

Suluhisho lilikuwa kumwambia. Maneno kumi yangetosha: mama, tafadhali, ukisikia kifaranga weka simu chini, uache ilie. Niliyaandika. Nikaona "uache ilie" ni kumwambia mtu mzima avunje adabu yake kwenye nyumba yake, nikaandika upya. Nikafikiria kwamba akikasirika atamwambia bosi, na bosi atasema nimegombana na mwenye nyumba. Nikafikiria kwamba asipokasirika atatangaza barazani, na wale wanawake watanicheka. Kila asubuhi nilipita mbele yake, nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, za tangu jana, nikasema nzuri, nikaingia ndani na karatasi yangu mfukoni.

Nisije nikaonekana sikumpenda. Yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akizungumza nami siku nzima, bosi akiwa safarini au mjini. Mtoni nilikokaa tulikuwa wapangaji sita na tulisalimiana kwa kichwa tu. Jumapili nilienda kanisani, nikarudi, nikafua, nikasubiri Jumatatu. Kwetu Njombe hakukuwa na simu, na hata misheni ilipopata simu sikumwandikia mama yangu namba ya ofisi. Nilidhani akipiga mtu atauliza ni nani huyo, nami nitaonekana natumia simu ya kazi. Siku moja barazani waliuliza huyu kijana ana watu gani, mbona haitwi. Mama akajibu kabla yangu: "Kwao mlimani. Mtamsumbulia nini?"

Alipokuwa hana mtu wa kumwita, aliniambia habari za binti wa kaka yake, Tanga. Alikuwa amechumbiwa. Mama ndiye shangazi mkubwa, na ndiye aliyeahidiwa kuwa somo wake, mwanamke mtu mzima wa kumfunda bi harusi na kukaa naye ndani zile siku saba. Doti ya khanga ilikwisha kununuliwa, udi umefungwa kwenye kopo. Kilichobaki ni siku. Kaka yake angepiga simu kusema siku.

"Nikiitwa asubuhi, mchana niko kwenye basi," alisema.

Mwezi wa tatu wa majaribio ulipoanza, bosi alikuja na habari. Mnunuzi alikuwa ameamua kuingia mkataba wa mwaka mzima. Angeutuma kwa faksi Ijumaa, usainiwe, urudishwe siku hiyohiyo. Akishindwa kutupata, ataenda kwa wengine.

"Kwenye namba yetu," bosi alisema, akigonga ile karatasi iliyochapishwa. "Ijumaa ikipita haijaingia, msomi, mie na wewe ndio basi."

Alhamisi jioni nilisimama mlangoni kwa mama, kitambaa cha simu nakiona kutoka pale. Akauliza, "Unasemaje, mwanangu?" Nikasema nimekuja kuaga. "Haya, kesho Mungu akipenda," akasema, akanipa kipande cha muhogo.

Ijumaa asubuhi, kabla bosi hajafika, nilifungua programu, nikafuta ule nne, nikaandika moja.

Ilikuwa kubonyeza vitufe viwili tu. Sikuhitaji kuzungumza na mtu. Simu ikilia mlio wa kwanza, kompyuta ingeshapokea hata kabla mama hajaweka upawa chini.

Mkataba uliingia kabla ya swala ya adhuhuri. Modemu ilipiga mluzi mrefu, kisha ikakoroma, taa zake zikapepesa, na printa ikaanza kutoa karatasi taratibu, mstari kwa mstari, mpaka tukaona nembo ya mnunuzi. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu hapumui. Ilipotoka ya mwisho alinikumbatia, mtu ambaye hata mkono alikuwa akinipa kwa vidole.

Mama alifika mlangoni. "Simu imelia mara moja ikanyamaza. Nimenyanyua, nasikia mluzi!"

"Ni faksi, mama," nikasema. "Ukisikia mluzi ni karatasi yetu inaingia. Tafadhali weka tu."

Kumbe kumwambia kulikuwa rahisi namna ile. Akasema, "Ah, basi hongereni. Nitaweka polepole nisiwaharibie." Hayo ndiyo niliyosema, na yote yalikuwa kweli. Sikusema kwamba kuanzia saa ile kila atakayepiga namba ile, kutoka Lindi au Unguja au Tanga, atapigiwa mluzi uleule, kwa sababu kompyuta haiwezi kujua ni nani anayepiga mpaka imeshapokea.

Alipoondoka nilimwambia bosi kwamba sasa nairudisha kwenye nne.

"Usiguse kitu. Maelekezo ya meli yatakuja wakati wowote."

"Na simu za mama?"

"Mama ana simu yake ukumbini. Tumeiondoa? Hatujaiondoa." Akakunja mkataba. "Barua yako ya ajira mwisho wa mwezi."

Nilipaswa kufurahi. Njiani kurudi Mtoni nilijaribu.

Wiki zilizofuata simu ililia mlio mmoja mmoja, siku nzima. Kwenye spika nilisikia mluzi, kisha mara nyingine, kwa mbali chini ya mluzi, sauti ya mtu: haloo, haloo, nani hapo? Kisha ikakatika. Ukumbini nilisikia mama akinyanyua mkono wa simu na kuuweka chini polepole, kwa uangalifu, asije akatuharibia kazi. Nikapunguza sauti ya spika.

Barazani wakapungua. Kwanza walikaa wanne, kisha wawili. Mchele ulichambuliwa majumbani.

"Siku hizi mnapigiwa sana," mama aliniambia. "Mmepata baraka. Mie wenzangu wamenyamaza."

"Labda wana shughuli, mama."

"Wote?"

Nilijiambia mwisho wa mwezi nitairudisha, nikishapata barua. Nilijiambia kaka yake Tanga, akiona simu haijibiwi vizuri, ataandika. Na kweli aliandika.

Barua ililetwa na kondakta wa basi la Tanga. Mama aliingia nayo ofisini, miwani yake ilikuwa imevunjika mguu, akaniomba nimsomee. Bosi hakuwepo. Nilisoma kwa sauti, na nilipofika katikati nilitamani nisiwe najua kusoma. Kaka yake aliandika kwamba wamepiga simu mara nne, siku nne tofauti, na kila mara simu imewapigia mluzi. Mara moja ya hizo walisikia ikinyanyuliwa na kuwekwa chini bila neno. Wakadhani dada amehama, au amewasusia kwa jambo wasilolijua. Upande wa bwana harusi hawakuweza kungoja. Harusi imefanyika juma lililopita. Somo amekuwa mwanamke wa jirani.

Mama alikuwa amesimama. Akakaa kwenye kiti cha bosi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mluzi," akasema.

Niliangalia kisanduku cheusi mezani.

"Mluzi ni wa Wazungu wenu. Tanga nani ana mluzi? Kaka yangu, mtu mzima, ndevu nyeupe, ananitungia uongo wa mluzi. Si angesema tu hawakunitaka?"

"Labda laini..." nikasema.

"Laini mbovu, na karatasi zenu zinaingia?" Akachukua barua mkononi mwangu, akaikunja ikawa ndogo sana. "Basi. Siandiki wala sipigi. Wamenizika nami naona."

Jioni ile nilimwona akimpa jirani ile doti ya khanga, hata karatasi ya dukani haijatolewa. Jirani alikuwa akikataa, naye anamsukumia.

Siku mbili nilikwenda kazini na kurudi. Niliandika tena maneno kwenye karatasi, safari hii mengi zaidi, na kila nilipomtazama usoni yaliniishia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, niliacha ofisi wazi, nikatembea mpaka duka la dawa la barabarani lililokuwa na simu ya kulipia. Nilikuwa naijua namba ya ofisi kwa moyo, imeandikwa kwenye kila karatasi niliyochapa, lakini sikuwahi kuipiga. Sikuwa nimempigia mtu yeyote tangu nifike mji huu. Niliogopa hata kushika ile simu isije ikaning'ata.

Ililia mara moja. Kompyuta ikapokea, mluzi ukanijaa sikioni, mkali kuliko nilivyoujua, na nikaelewa watu wa Tanga walisikia nini. Kisha nikasikia kitu kingine, kishindo kidogo. Mama alikuwa amenyanyua ya ukumbini.

"Mama! Usiweke! Ni mimi! Usiweke!"

Muuza dawa akanigeukia. Niliendelea kupiga kelele juu ya mluzi, usiweke, usiweke, mpaka kompyuta ilipochoka kungoja karatasi isiyokuja, ikakata upande wake. Mluzi ukakoma. Laini ikabaki tupu, na pumzi ya mtu ndani yake.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, mama. Wa ofisini."

"Wa ofisini si uko ofisini?"

"Niko duka la dawa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Umeusikia mluzi?"

"Nimeusikia. Nilitaka kuweka, nisiwaharibie karatasi."

"Hakuna karatasi, mama. Ni mimi niliyepiga. Kila anayepiga anapigiwa mluzi huo. Kompyuta inapokea kabla yako. Mimi ndiye niliyeiweka hivyo."

 Nikasikia kuku wa uani kwake kupitia kwenye simu.

"Kila anayepiga."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Ijumaa."

"Ile uliyoniambia niweke polepole."

"Ndiyo, mama."

"Basi kaka yangu kasema kweli."

"Kasema kweli. Mara zote nne."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeyapanga kichwani njia nzima. Akasema tu, "Hapo dukani na hapa ni hatua ngapi? Rudi uje uniambie nakuona."

Nilirudi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mbele na kalamu na karatasi ya mistari mapajani. Akanifanya niyaseme yote upya, taratibu, nikimtazama. Nilipomaliza alinipa kalamu. Alitaka nimwandikie kaka yake, si kwa mashine, kwa mkono wangu, kwamba mluzi ulikuwa wa kwetu na dada hakuhama wala hakususa. "Na jina lako liweke chini," akasema, "wajue ni mtu, si jini." Niliandika kurasa mbili. Alisoma akishika kioo cha miwani kwa vidole, akafuta sentensi moja niliyojitetea, akaipeleka mwenyewe kwenye mabasi.

Nilipoingia ndani nilirudisha ile nne.

Bosi alirudi mchana na kumkuta mama anamsubiri na karatasi ya pango. Hawakugombana. Mama alisoma ule mstari kuhusu simu, akauliza kama isiyoitika ni simu au ni pambo. Bosi akaomba radhi, akasema ni makosa ya kijana. Mama alipoondoka, bosi aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Umemwambia nini?"

"Ukweli."

"Mie nilikuajiri uunganishe faksi." Akatazama kompyuta, kisha mimi. "Ulikuwa umeshapata, braza. Zilibaki siku tisa."

Hakunifukuza. Mnunuzi akaambiwa atumie tena ile ofisi ya mjini, na bosi aliacha tu zile siku tisa ziishe. Asubuhi ya mwisho alinipa mkono, kwa vidole, akasema tumeagana kwa amani.

Lakini kabla ya hapo, siku ya sita au ya saba, simu ililia na mama akaipokea kabla haijamaliza mlio wa pili. Nilijua ni Tanga kwa jinsi sauti yake ilivyopanda. Tangu ile siku ya ngazini alikuwa akiniitikia marahaba na kuishia hapo. Neno mwanangu alikuwa ameliacha. Sikumlaumu.

Walizungumza kirefu. Alilia kidogo, akamgombeza kaka yake kwa sababu ya yule jirani aliyekuwa somo, akauliza bi harusi alivaa nini, nani alipika, nani alikosa. Kisha akacheka, kicheko kile cha siku simu iliponing'ata. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, mikono magotini, karibu na ukuta. Nilikuwa nasikiliza kama atanitaja, hata kwa ubaya.

Hakunitaja.